Muulize Mwalimu wa Udereva: Kabla hujaitikia "yes" dirishani

Barua nyingi safari hii zinahusu makaratasi kuliko usukani, na sishangai. Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina sheria zake, na hata jina la ofisi ya leseni hubadilika: Ohio wanaiita BMV, Texas DPS, Georgia DDS, California na New York DMV. Kwa hiyo shemeji yako wa jimbo jingine akikuelekeza, mshukuru, kisha uhakikishe kwenye ofisi ya unakoishi wewe.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tulitoka Uvira tukaishi kambini Nyarugusu, sasa tuko Abilene, Texas. Nilipoenda kuomba leseni karani aliuliza maswali haraka haraka, nami nikawa naitikia "yes, yes". Tulipofika nyumbani binti yangu akaniambia moja lilikuwa la kujiandikisha kupiga kura. Mimi si raia bado. Sikumbuki nilijibu nini, na usingizi umenipotea.

Marahaba mama, na pole sana. Barua yako nimeitanguliza kwa sababu ningependa kila mgeni aisome kabla ya kusogea dirishani.

Hilo swali halikuwa mtego wa karani. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1993, ofisi za leseni katika majimbo mengi zinatakiwa kumpa mwombaji nafasi ya kujiandikisha kupiga kura hapo hapo. Huulizwa pamoja na mambo ya kawaida kabisa, kama urefu wako na rangi ya macho, na mtu aliyechoka kusubiri foleni hulijibu kama alivyojibu yaliyotangulia. Hatari iko hapo. Asiye raia akisema au kutia saini kwamba ni raia, sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 inalihesabu kuwa dai la uongo la uraia. Linaweza kumfungia njia ya kadi ya kijani na hata kumfikisha kwenye kesi ya kuondolewa nchini, na kujitetea kwamba hukuelewa swali si kinga ya uhakika.

Sasa fanya hivi. Mwombe binti yako akutafutie jina lako kwenye ukurasa wa Katibu wa Jimbo la Texas wa kuangalia walioandikishwa. Unaandika jina, kaunti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta (zip code). Usipojikuta, angalia tena baada ya wiki chache, maana maombi huchukua muda kuingia. Ukijikuta, usiandike barua ya kujifuta wala usirudi kwa karani kumweleza. Nenda kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji, au kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mashirika yanayopokea wakimbizi mara nyingi yanaye mmoja, au yanajua pa kumpata. Atakuelekeza jimbo liandikiwe nini na nakala zipi uzitunze. Na kadi ya mpiga kura ikiletwa nyumbani, usiitumie kamwe, hata mtu mwema wa kanisani akikuhimiza twende. Siku utakapoomba uraia, fomu ya N-400 itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na jibu lako litalinganishwa na kumbukumbu zao.

Nasema haya kwa uzito kwa sababu nimewaona wanafunzi wangu wakitoka ofisini na pamiti (kibali cha kujifunza kuendesha) mkononi, wanacheka, hawajui walichotia saini. Kuna sentensi moja ya Kiingereza ninayowakaririsha kabla hata hawajashika usukani: "I am not a citizen." Iseme mapema, karani anapofungua tu faili lako. Usipoelewa swali, omba mkalimani au mwombe akuandikie kwenye karatasi. Foleni ya nyuma yako ingoje. Wenzako wataudhika kwa dakika mbili, basi.

Maswali mengine ya pale hayana hatari hiyo. Utaulizwa kama unakubali viungo vyako visaidie wagonjwa ukifariki. Hilo ni la moyo wako na imani yako, na leseni unapata vyovyote utakavyojibu. Kama una kijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25, Texas itampeleka kwenye Selective Service, orodha ya serikali ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini ikihitajika, anapoomba leseni. Akina mama wengi hushtuka wakidhani mtoto anachukuliwa jeshini. Hachukuliwi. Ni orodha tu, na sheria inawataka vijana wakimbizi na wenye kadi ya kijani wawemo. Hilo mwache aandikishwe, tena baadaye litamsaidia kwenye uraia.

Mwalimu, niko Brooklyn Park, Minnesota, nimehamia na familia kutoka Eldoret. Nina leseni ya Kenya ya miaka mingi na kile kibali cha kimataifa. Jamaa zangu wanasema naweza kuendesha nacho mwaka mzima. Ni kweli?

Ndugu yangu, jamaa zako wanachanganya mgeni na mkaazi. Kibali cha kimataifa ni tafsiri ya leseni yako ya Kenya, hakina nguvu peke yake, na kinamfaa anayepita. Wewe umehamia. Minnesota inampa mkaazi mpya siku 60 kupata leseni ya jimbo. Muda huo haufanani kote: California ni siku 10, New York na Georgia 30, Texas 90.

Leseni ya Kenya haibadilishwi moja kwa moja, kwa hiyo utafanya mtihani wa maandishi na wa barabarani. Wa maandishi Minnesota una maswali 40, unatakiwa upate 32. Kitabu cha dereva ni bure, kisome chote, hasa kuhusu basi la shule. Dereva mzoefu kutoka kwetu huanguka hapo kwa sababu hajawahi kukutana na sheria hiyo: basi likiwasha taa nyekundu na kunyoosha mkono wake wa STOP, unasimama, hata kama unatoka upande wa pili, isipokuwa pale barabara inapotenganishwa na ukuta au ukanda katikati. New York hata ukanda ukiwepo unasimama.

Na ile leseni ya Kenya usiitupe. Baadhi ya kampuni za bima huhesabu miaka uliyoendesha nyumbani ukiweza kuionyesha, na bei ya bima ya dereva "mpya" wa miaka arobaini inauma.

Shikamoo Mwalimu. Niko Columbus, Ohio. Barabarani mtahini alinisifu, lakini kwenye zile koni nimeanguka tena. Nikirudi nyuma gari linakwenda kwingine kabisa. Nyumbani Mwanza nilikuwa naendesha Hiace!

Marahaba mwanangu. Aliyepitisha Hiace sokoni Kirumba hashindwi na koni tano, ila mwili wako bado unaendesha gari la usukani wa kulia.

Tuupige picha mtihani wenyewe. Koni nne zimefanya boksi lenye upana wa futi 9 na urefu wa futi 20. Ya tano imesimama peke yake katikati, futi 20 mbele ya boksi. Unapita ndani ya boksi kwenda mbele, unaipita ile koni ya tano kulia au kushoto kama mtahini atakavyokwambia, unasimama bampa ya nyuma ikiwa usawa wake na gari limenyooka. Kisha unarudi nyuma kwa njia ile ile, unaingia tena kwenye boksi, unasimama bampa ya mbele ikiwa usawa wa koni mbili za mwisho. Kusimama katikati ya safari ili kuchungulia kunakukata alama, kugusa koni vilevile. Ukiiangusha, mtihani umekwisha.

Wanafunzi wangu wa kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wana kosa moja linalojirudia. Kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo akirudi nyuma hugeuka juu ya bega la kushoto. Huku umekaa kushoto. Ukigeukia bega la kushoto unaona dirisha lako na kipande cha barabara tu, halafu gari linavutika upande huo bila wewe kujua. Fanya hivi: mguu ukiwa kwenye breki, mkono wa kulia uegemeze nyuma ya kiti cha abiria, geuza kiwiliwili chote kuelekea kulia mpaka uone dirisha lote la nyuma. Mkono wa kushoto uwe juu ya usukani, pale penye saa sita. Unakotaka makalio ya gari yaende, ndiko unakosukuma mkono. Ondoa mguu kwenye breki polepole na gari litajisogeza, mafuta hayahitajiki hata kidogo. Macho yaanze na ile koni moja. Ikishapita mlango wa nyuma, anza kunyoosha mapema kuliko unavyodhani. Na kamera ya kurudi nyuma isahau kabisa, kwanza inaonyesha ardhi ya karibu mno.

Tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi, panga ndoo, fanya upande wa kulia na wa kushoto sawa sawa. Wengi hujizoeza upande mmoja wanaoupenda na mtahini huwataka ule mwingine. Baada ya kuanguka utasubiri siku saba, na Ohio inamtaka mtu mzima aliyeanguka mara ya kwanza amalize kozi fupi ya udereva kabla ya kurudi. Kama hukuambiwa hivyo, uliza leo, wasije wakakurudisha mlangoni.

Mwalimu, kuna mtu hapa Clarkston, Georgia, anauza Corolla kwa bei nzuri. Title, yaani hati ya umiliki wa gari, ipo, imeshatiwa saini na mwenyewe wa awali, ila jina la mnunuzi halijajazwa. Anasema hilo ni jambo dogo, nijaze la kwangu.

Usiinunue, dada. Huyo anayekuuzia si mwenye gari kwenye karatasi. Alilinunua, hakuliandikisha kwa jina lake, sasa anakusukumia wewe ili akwepe kodi na lawama. Kuuza hivyo ni kinyume cha sheria. Kama gari lina deni la benki, lilizama kwenye mafuriko au liliibwa, anayebaki nalo ni wewe, na yeye hutampata tena.

Gari halali linanunuliwa kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye title na kwenye kitambulisho alichoshika. Inama kwenye kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye dashibodi chini pale, usome namba 17 za gari, herufi kwa herufi, uzilinganishe na title. Tazama kama kuna jina la mkopeshaji. Likiwepo, dai barua ya benki kwamba deni limelipwa.

Ukishanunua una siku saba za kazi kupeleka title kwenye ofisi ya namba za magari ya kaunti. Hapo utalipa ile kodi ya mara moja wanayoiita TAVT. Inapigwa kwa thamani ya gari kwenye vitabu vya jimbo na si lazima ifanane na bei mliyopatana, kwa hiyo ulizia kiasi chake kabla hujatoa hela ya gari. Clarkston iko DeKalb, moja ya kaunti 13 za kupima moshi, kwa hiyo mwambie muuzaji akupe cheti cha kipimo. Bima lazima iwepo kwanza, na kiwango cha chini Georgia ni 25/50/25: dola 25,000 kwa majeraha ya mtu mmoja, 50,000 kwa wote katika ajali moja, 25,000 kwa mali ya wengine. Angalia vizuri: hayo yote ni ya unaowagonga. Corolla yako mwenyewe haimo. Na ukija kuliuza, futa usajili wa namba za gari kwanza ndipo ukate bima. Ukigeuza mpangilio huo kompyuta ya jimbo itakutoza faini.

Mwalimu, leseni yangu inaisha siku ile ile kibali changu cha kazi kinapoisha. Nimeomba kipya, bado hakijaja. Na uwanja wa ndege je, nitapita?

Leseni ya mwenye hadhi ya muda haivuki tarehe ya karatasi zake za uhamiaji, ndivyo sheria ya REAL ID ya mwaka 2005 ilivyo. Nenda ofisini kabla haijaisha, na usipeleke nakala. Chukua kibali cha zamani, ile barua halisi ya I-797 inayothibitisha kwamba ombi jipya limepokelewa, pasipoti, na karatasi mbili za anwani. Kama jina lako kwenye kadi ya Social Security halifanani na la kibali, hata kwa herufi moja, anzia ofisi ya Social Security.

Karani ataliingiza jina lako kwenye SAVE, mtandao wa serikali ya shirikisho wa kuhakiki hadhi. Akisema uhakiki unaendelea, hujakataliwa. Omba namba ya shauri, ufuatilie mwenyewe kwenye ukurasa wa SAVE CaseCheck, urudi kwa karani majibu yakitoka. Katikati hapo leseni ikiisha, usiendeshe. Omba lifti au panda basi.

Kuhusu ndege, tangu tarehe 7 Mei 2025 safari za ndani zinataka leseni yenye nyota ya REAL ID au kitambulisho kingine kinachokubalika. Pasipoti yako ya nyumbani, kama haijaisha muda, inakubalika.