Aache bangi kwanza, au atibiwe kwanza?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Alilelewa na babu yake, na tangu babu huyo afariki mwaka jana kijana amebadilika. Ameacha mpira, hali pamoja nasi, na usiku namsikia akitembea chumbani hadi jogoo wa kwanza. Mwezi uliopita, nikifua, nilikuta misokoto miwili ya bangi ndani ya soksi yake. Nilipomuuliza, alisema bila hiyo hapati usingizi. Wiki hii ameziba dirisha kwa kanga yangu, akidai majirani wanamsema kupitia ukutani. Mjomba wake anataka achapwe, kisha apelekwe Bahi akachunge ng'ombe. Mhudumu mmoja wa afya aliniambia nimwachishe bangi kwanza ndipo nimlete. Naogopa pia kwamba akionekana Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ataitwa chizi maisha yake yote. Nianzie wapi?
Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mama, pole kwa msiba na kwa usiku huo wote wa kukesha ukimsikiliza mtoto. Nianze na hilo uliloambiwa na mhudumu, kwa sababu ndilo linalowachelewesha wengi: si lazima aache bangi kwanza. Ugonjwa wa akili na utumiaji wa kilevi vinapomkuta kijana mmoja, vinatakiwa kutibiwa kwa pamoja, kwani kila kimoja hukilisha kingine.

Tazama mambo yalivyofuatana katika barua yako. Kwanza ulikuja msiba wa mtu aliyekuwa kwake baba na mama, kisha usingizi ukapotea, na bangi ikaingia baadaye kama dawa ya usingizi. Mwanzoni inasaidia kweli, na ndiyo maana haamini anapoambiwa kwamba inamdhuru. Lakini mwili ukishaizoea, siku asiyovuta usingizi hukimbia kabisa, hamu ya kula hupotea na hasira huja kwa jambo dogo. Hali hiyo huanza ndani ya siku moja au mbili baada ya kuacha, hupamba moto katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua sana baada ya wiki mbili hivi, ingawa usingizi unaweza kuchukua muda zaidi kurudi. Kijana asiyeelezwa hayo huamini kwamba ule ni ugonjwa wake wa zamani umerejea, naye huwasha msokoto mwingine.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni ile kanga dirishani. Kuamini kwamba watu wanakusema kupitia ukutani kunaweza kuwa dalili ya akili kuanza kupoteza mpaka kati ya yaliyopo na yasiyokuwepo, na bangi, hasa ikianzwa katika ujana na kutumiwa kila siku, huongeza hatari hiyo. Usibishane naye kwamba hakuna anayemsema, wala usijifanye nawe unasikia. Mwambie tu, "Naona jambo hili linakutesa; twende tukapate msaada wa usingizi." Usingizi ni mlango ambao vijana wengi hukubali kuupita. Mpeleke wiki hii hii, na siku hiyo hiyo ikiwa ataanza kukataa chakula kwa kuhofia sumu, kutishia watu au kusema afadhali afe.

Na hilo la kufa muulize wewe mwenyewe, kwa maneno ya wazi. Kumuuliza mtoto kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Msifanye kikao cha ukoo kwa ajili hiyo. Kaeni wawili mkichambua mlenda, macho yakiwa kwenye majani na si usoni pake, umuulize usiku wake unakuwaje, halafu unyamaze mpaka ajibu. Kabla ya mazungumzo hayo, dawa za kupulizia zabibu na sumu ya panya zitoke ndani na zifungiwe mahali ambapo ufunguo unao wewe.

Unaweza kuanzia kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au kwenda moja kwa moja kliniki ya Mirembe. Daktari atataka kwanza kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa wa mwili nyuma ya mabadiliko haya, kama vile kifafa au malaria, kisha atazungumza na kijana peke yake. Usikasirike ukiombwa kutoka nje, kwa sababu yapo mambo ambayo hatayasema mbele yako. Matibabu yenyewe ni mazungumzo ya kitaalamu yanayorudiwa kwa wiki nyingi, ushauri kwa familia, na dawa pale zinapohitajika. Dawa nyingi za aina hii huchukua wiki kadhaa kufanya kazi kikamilifu, kwa hiyo msiziache kwa kuona siku ya tano haijaleta nafuu. Akiteleza na kuvuta tena, mrudisheni kliniki bila matusi. Methadoni, ambayo huenda umeisikia, hutolewa kwa watumiaji wa heroini na jamii yake, haihusiki na bangi.

Kuhusu jina la Mirembe, nakuelewa. Hospitali hiyo ipo mjini kwetu tangu mwaka 1927 na bado tunaitumia kama tusi, hata watoto wakigombania mpira. Ila wengi wanaohudhuria kliniki hurudi kulala nyumbani siku ile ile, na kijana anayetibiwa mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kurejea darasani kabla majirani hawajapata la kusema.

Mjomba mwambie kwa heshima kwamba fimbo itamfundisha mtoto kuficha vizuri zaidi, na kwamba bangi hata Bahi ipo, huku kliniki ikibaki mjini. Mpe kazi nyingine: awe mtu wa kumsindikiza kijana kliniki. Wanaotaka kumwombea waombe, mradi asifungishwe saumu, asifungwe kamba na asinyang'anywe dawa.

SWALI: Shule yetu inafikiria kuwapima mkojo wanafunzi wote na kuwafukuza watakaokutwa na bangi. Je, hilo litamaliza tatizo?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Hapana, Mwalimu. Kwa anayevuta kila siku, kipimo kinaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo mtamfukuza hata yule aliyekwisha kujirekebisha. Kwa upande mwingine, vipimo vya kawaida havionyeshi gundi, na pombe hutoka mwilini mapema, hivyo wajanja watahamia huko. Kipimo pia hakisemi kwa nini mtoto anavuta. Daftari la mahudhurio husema zaidi: nani anasinzia kipindi cha kwanza, nani alama zake zimeporomoka ghafla, nani hakai tena na rafiki zake. Hao waitwe na mwalimu wa ushauri nasaha, mmoja mmoja, na mzazi ahusishwe. Ile namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116, iandikeni upande wa ndani wa mlango wa choo, ambako mwanafunzi anaweza kuisoma akiwa peke yake.