DD 214 ya mjomba imeandikwa Honorable, mbona bado anaificha? Soma visanduku vya 25 hadi 28

Mkuu, umeuliza kuhusu mjomba wako aliyeachishwa jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 1997 kwa kuwa ni mpenzi wa jinsia moja. Cheti chake cha kuachishwa, yaani DD 214, kinasema Honorable (kwa heshima), lakini hathubutu kukipeleka kazini. Unataka kujua kama mambo yalijirekebisha yenyewe marufuku ilipofutwa. Hayakujirekebisha, ila dawa ipo.

Sheria ya "usiulize, usiseme", iliyowazuia wapenzi wa jinsia moja kutumikia jeshini waziwazi, ilikoma 20 Septemba 2011. Ilipokoma, watu waliacha kufukuzwa, lakini karatasi za waliokwisha kufukuzwa, zaidi ya 13,000, zilibaki na maneno yaleyale. Mapitio ambayo Wizara ya Ulinzi iliyaanzisha yenyewe 2023 yaliwalenga waliopewa hadhi iliyo chini ya Honorable. Mjomba hayumo humo, kwa hiyo lazima aombe mwenyewe.

Kwanza tafuteni nakala ndefu ya DD 214, ile iliyoandikwa Member-4 chini yake. Nakala fupi haina sehemu ya sababu za kuachishwa, na ndiyo maana wengi huishi miaka wakidhani cheti chao ni safi mpaka mwajiri anapodai ile ndefu. Kama imepotea, jazeni fomu SF 180 kwenda kituo cha kumbukumbu za wanajeshi St. Louis, au ombeni kwenye tovuti ya National Archives (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Marekani). Hakuna malipo.

Sasa isomeni. Kisanduku cha 24 ni hadhi, na hapo ndipo watu huona Honorable wakaridhika. Endeleeni kushuka. Cha 25 kinataja kanuni iliyotumika, cha 26 kina msimbo wa herufi tatu, cha 27 kinaonyesha kama unaweza kurudi jeshini, na cha 28 kinaandika sababu kwa maneno, kwa mfano "Homosexual Admission" (kukiri kuwa mpenzi wa jinsia moja). Kwenye cha 26 tazameni herufi mbili za mwisho: RA ni tendo, RB ni kukiri, RC ni ndoa. Ofisa utumishi anayeijua misimbo hahitaji hata kufika cha 28. Inauma sana mtu aliyelitumikia taifa kwa uaminifu kulazimika kueleza maisha yake ya chumbani kila anapoomba kazi.

Siku ileile sheria ilipokoma, Wizara ya Ulinzi ilitoa waraka unaoelekeza bodi za jeshi zinazosahihisha vyeti kwa kawaida zikubali maombi haya, mradi mtu aliachishwa kwa sababu hiyo pekee na faili lake halina jambo la kuzidisha uzito wa kosa. Katika ombi andikeni mabadiliko yenyewe, moja moja: cha 28 kiwe "Secretarial Authority" (kwa mamlaka ya waziri), cha 26 kiwe JFF (msimbo wa sababu hiyo), cha 27 kiwe RE-1J (anaweza kurudi jeshini), na cha 25 kifuate sababu mpya. Ukiandika tu "naomba hadhi ipandishwe" wakati hadhi tayari ni Honorable, umeomba kitu ambacho tayari unacho.

Fomu ni DD 149, inayokwenda kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, si DD 293. DD 293 huenda kwenye bodi ya mapitio, nayo hupokea kesi zisizozidi miaka 15 tangu kuachishwa. DD 149 nayo ina ukomo wa miaka 3 tangu kugundua kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe kwa ajili ya haki, na fomu inakuuliza sababu. Pasiachwe wazi pale! Elezeni kwamba sera imefutwa, mkautaja waraka wa 20 Septemba 2011. Ambatanisheni DD 214, karatasi za mchakato wa kuachishwa, tathmini za utendaji na medali.

Maombi hukwama zaidi kwenye hilo jambo la kuzidisha uzito. Kanuni za zamani zilihesabu hivyo matumizi ya nguvu, mtoto, mtu aliye chini yako kicheo, malipo, mahali pa hadhara, na pia tendo lililofanyika ndani ya meli au ndege ya jeshi hata kama wote wawili waliridhia. Faili likiwa na kitu cha namna hii, tafuteni wakili wa wanajeshi wastaafu kabla ya kutuma chochote. Mashirika kadhaa hutoa msaada huo bure.

Ombeni pia DD 214 mpya, si DD 215. DD 215 ni karatasi ya masahihisho inayoambatana na cheti cha zamani, kwa hiyo msomaji ataliona kosa na sahihisho lake kwa pamoja.

Msamaha wa rais Biden wa Juni 2024 msiuchanganye na hili. Ule unawahusu waliohukumiwa na mahakama ya kijeshi chini ya kifungu cha 125 cha sheria ya kijeshi kwa mahusiano ya hiari, kati ya 31 Mei 1951 na 26 Desemba 2013. Hata wao wanapaswa kuomba hati ya msamaha, na wakishaipata bado waende bodi kubadilisha cheti.

Wewe unaweza kumwandalia kila kitu, lakini sahihi iwe ya mjomba mwenyewe.