Maswali ya Wasafiri: Jangwani na koti wapi na wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa Ipagala, Dodoma. Mdogo wangu anasoma Phoenix kule Arizona, Marekani, kanialika mwezi wa kwanza twende Grand Canyon, lile korongo kubwa lenye mto chini, sasa ananiambia nibebe koti zito na mimi nikisachi naona wanasema ni jangwa, hivi ananitania? Halafu nataka nishuke mpaka mtoni, jioni niwe nimerudi juu, itawezekana? – Mama Neema

JIBU: Mama Neema, koti beba, tena na glavu na kofia ya sufu. Jangwa ni ukame, siyo joto, na wewe mtu wa Dodoma ndo ungetusaidia kuwaelewesha watu wa Dar hilo, maana mwezi wa saba mvua hakuna hata tone lakini ule upepo wa asubuhi unakata masikio. Sasa ukingo wa kusini wa lile korongo, ndo wanakoenda watu wengi, uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Dodoma, kama ulishawahi kulala Njombe mwezi wa sita basi anzia hapo halafu ongeza baridi, kwa sababu Januari kwao ndo kipupwe chenyewe. Mchana nyuzi 5 au 6 hivi, usiku chini ya sifuri, na theluji inaanguka kweli. Hewa ikiwa kavu hakuna cha kulifunika joto la mchana, jua likizama tu limeondoka.

Habari ya mtoni hapana mama, usijaribu kwa siku moja, hata wahifadhi wenyewe wanakataza. Njia ya Bright Angel mpaka mto Colorado ni zaidi ya kilomita 12 kwenda tu, kushuka utajiona kijana, kurudi ndo utamkumbuka mama yako, na jua linazama kama saa 11 na nusu. Kitu cha ajabu, kule chini kuna joto kuliko juu, so unaweza kuvua koti huko wakati juu watu wanatetemeka. Sehemu ya juu ya njia hiyo haipati jua vizuri, theluji inakanyagwa inakuwa barafu inayoteleza kama sabuni, kuna vile vyuma vyenye meno vya kuvisha viatu, vaa. Mimi ningekwambia ushuke njia nyingine, South Kaibab, mpaka Ooh Aah Point (jina lao hilo, sijatunga), haifiki kilomita moja na nusu, jua lipo, unageuza. Njia hiyo haina maji, beba yako.

Ukingo wa kaskazini sahau, barabara yake inafungwa wakati wa baridi. Ila Desemba mpaka Februari magari binafsi yanaruhusiwa Hermit Road, barabara ya huko huko ukingo wa kusini, miezi mingine unapanda basi la hifadhi, kwa hiyo mkichoka mnapaki pembeni, hita imewashwa, mnaliangalia korongo mkiwa mmekaa.