Mama Aache Papai?

SWALI: Salaam aleikum. Mimi niko Langoni, Lamu. Mamangu ana kansa ya titi, walipompima wakasema protini iitwayo HER2 iko juu wakamuanzishia sindano ya Herceptin, ikamsaidia vizuri tu alhamdulillahi, lakini sasa daktari asema uvimbe umeanza kurudi, dawa haishiki tena. Binamu yangu kanitumia voice note ati kansa yakua kwa vimeng'enya vinavyokata protini na papai limejaa hivyo hivyo vimeng'enya, Mama asiliguse. Jirani nae asema kinyume, apewe papai bichi kila asubuhi liikate hiyo kansa. Na Mama apenda papai mno. Nimsikize nani?
Binti wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, pole sana, Mungu ampe mama shifaa. La papai nikutoe wasiwasi kwanza: muache ale. Ni kweli lina kimeng'enya, chaitwa papaini, kimo kwenye ule utomvu mweupe wa papai bichi, ndo mana ukiliparuza ukalipaka kwenye nyama ya mishikaki saa moja tu nyama ishalainika, na ukiisahau mpaka asubuhi waikuta kama uji. Lakini nyama ile imelala ndani ya papai, titi la mama halikulala humo. Papaini ikimezwa yafika tumboni yasagwa kama protini nyengine yoyote, haiendi kulisha uvimbe wala kuukata, na papai likishaiva huwa imebaki kidogo sana.

Vimeng'enya alivyovisikia binamu yako ni vya mwili wenyewe. Tunavyo zaidi ya aina 500 na bila hivyo hatuishi, hata kidonda hakifungi. Kundi moja laitwa MMP, kimeng'enya chake cha kwanza kilionekana 1962 kwenye mkia wa kiluwiluwi, wanasayansi walitaka kujua mkia waenda wapi akigeuka chura, kumbe kuna kitu chaikata kolajeni, ile protini inayoushika. Sasa angalia ukuta wa nyumba zetu za mawe, mawe yashikwa na chokaa, na kolajeni ndo chokaa ya mwili. Kansa huvifanya vimeng'enya hivi viwe vingi kupita kiasi, chokaa yachimbuliwa, seli zapata upenyo mpaka kwenye mshipa wa damu zaenda kukaa pengine, na humo kwenye chokaa mlikuwa mmehifadhiwa vichocheo vya kukuza mishipa, navyo vyaachiwa, uvimbe waota mishipa yake wenyewe ya kuulisha.

Utauliza si wavizuie basi? Walijaribu miaka ya 1990, dawa kama marimastati, wagonjwa wakakaza mabega na mikono kwa maumivu na wengi hawakuongezewa maisha, manake vilizuiwa hata vile mwili unavyovihitaji. Mimi hili huniuma kila nikilikumbuka, wale watu walijitolea.

Na dawa kukataa je? Hapa soma polepole. HER2 imesimama kwenye ngozi ya seli, kichwa nje, mkia ndani, na mkia ndo unaoiambia seli kua, kua. Herceptin hushika kile kichwa. Sasa kuna kimeng'enya chaitwa ADAM10, chaweza kukikata kichwa kikaanguka, mkia wabaki ndani waendelea kuamrisha, na sindano ikija haina pa kushika. Hiyo ni njia moja tu, kansa ina nyengine kadhaa za kuponyoka, kwa hivyo usimwambie mama ati ni papai au ati alikosa sharti fulani. Hakukosa kitu.

La kufanya, mkirudi kliniki muulize daktari mambo mawili: je, kipande cha uvimbe kitapimwa upya, maana HER2 yaweza kubadilika, na je, kuna dawa nyengine ya HER2 itakayomfaa, kwa sababu zipo zinazoingia ndani ya seli kuuzima ule mkia, lapatinibu ni mmoja wapo. Andika kwenye karatasi, mkiwa mle ndani mtu husahau. Na jirani akileta unga au vidonge vya vimeng'enya, asimeze kabla daktari hajaviona.

Papai lioshe vizuri kabla ya kulimenya, hasa akiwa kwenye kemo, zile dawa kali za kuua seli za kansa, mkatie vipande vidogo umtilie ndimu.