Muulize Shangazi: Mama anafunga na sukari, kaka anasema dini itamuua

Mwanangu wa Tanga,

Afadhali umeandika Shaaban, maana Ramadhani ikishaingia maneno haya hayazungumziki. Unasema mama yenu anachoma insulini, na mwaka jana alianguka alasiri akiwa na saumu yake. Mlimpa maji ya sukari akayatema. Kaka yako, mtu wa maabara, akamwambia dini ndiyo itakayomuua. Mama akamjibu kwamba masomo yamemtoa imani. Hadi leo hawasalimiani, nawe unauliza kama ni lazima mtu achague kimoja, dini au sayansi.

Tuanze na mama. Aliyemkaidi si daktari peke yake. Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa bila kumkaripia: atalipa siku nyingine, na ambaye maradhi yake hayana matumaini ya kupona atalisha masikini kwa kila siku. Aya hiyo mama anaijua kuliko mimi. Ninavyohisi, kinachomtisha ni kuonekana mtu mzima anakula mchana, awekwe kando katika mwezi ambao nyumba nzima humtazama yeye. Kwa hiyo fidia isiwe bahasha mnayoipeleka msikitini kimyakimya. Aipike mwenyewe, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, na amkabidhi masikini kwa mkono wake.

Lakini habari ya kutofunga asiisikie kwako, wala kwa kaka. Mwombeni ustadhi anayesomesha darasa lake la akina mama aje nyumbani. Kabla ya hapo mpelekeni kliniki ya sukari, daktari aamue. Akimruhusu hata siku chache, apangiwe upya dozi na apime mchana. Kujitoboa kidole hakufunguzi, na wanazuoni wengi wanasema hivyohivyo kuhusu sindano ya insulini. Kipimo kikishuka chini ya 70 (3.9 kwa mashine za kipimo kingine) au kikipita 300 (16.7), anafungua papo hapo, hata kama muadhini keshashika kipaza sauti. Na akizimia msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

Sasa huyo kaka. Kwenye tarakimu hakukosea. Kabla ya Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipochomwa insulini kule Toronto, mtoto mwenye sukari alikuwa akinyimwa chakula ili tu asogeze siku. Elimu iliyobadili hayo inastahili heshima, ila haimpi mtu ruhusa ya kumvunjia heshima mzazi. Mashine yake itamwambia mama sukari imefika ngapi. Haitamwambia kwa nini ajisumbue kuamka kesho ajichome tena. Hilo mama analipata kwenye mswala, na kaka akimvunja moyo hapo hana la kumpa badala yake.

Kwa hiyo ndiyo, mama yako anavihitaji vyote viwili, na mwaka jana alikosa kimoja akakaribia kukosa na cha pili. Kaka sitamlazimisha, wapo watu wema wasioswali, na hisabu yao si kazi ya shangazi. Ninalomtaka ni moja: aje aombe radhi kabla mwezi haujaandama, mikono mitupu, bila kile kimashine. Akianza na “samahani mama, lakini…”, mrudishe mlangoni abishe hodi upya.