Kuhamia Dar es Salaam

Swali: Mhariri, mimi ni fundi umeme hapa Nairobi na nimeahidiwa kazi Dar es Salaam. Je, nijiandae vipi kwa gharama za huko?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na kodi ya nyumba, kwa sababu, tofauti na Nairobi ambako mpangaji huweka amana kisha akalipa mwezi kwa mwezi, wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kabla ya kukukabidhi funguo, na dalali naye hutaka ya mwezi mmoja. Kisha kuna vibali: Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaani makubaliano ya nchi za ukanda huu ya kurahisisha watu na bidhaa kuvuka mipaka, lililoanza mwaka 2010, halikuondoa vibali vya kazi na ukaazi. Mkataba wa kazi utaje nani atavilipia, na nakusihi usiache kazi uliyo nayo kabla havijatoka.