Fleti ya theluji Bansko: usitoe arbuni kabla hujauona mkataba wa matunzo

Dada, simama hapo hapo. Hiyo arbuni ya yuro 2,000 usiitume.

Umeuliza kama bei ya hiyo fleti ya Bansko, Bulgaria, ni nzuri, iko mbali gani na gondola (vile vibanda vya kamba vinavyopandisha watu mlimani kwenye theluji), inapangishika vipi, na kama itakupa viza. Bei ni nzuri, na ndio mtego wenyewe. Fleti za kule zilizo ndani ya ukuta, zenye bwawa, sauna na mapokezi, nyingi huuzwa rahisi kwa sababu mwenyewe kachoka kulipa ada ya matunzo. Dalali hakwambii hilo. Anakutumia picha ya milima ya Pirin na mtoto kavaa kofia ya sufi, na wewe umekaa Chake jua linakuchoma, unaona pepo. Na mimi niliiona pepo hiyo hiyo, bado nailipia. Haya, nicheke nimalize.

Ada inapigwa kwa mita ya mraba, na si zile mita za ndani ya mlango wako tu. Hati ya kule inaandika eneo pamoja na fungu lako la ngazi, korido na lifti. Tuseme ndani unakanyaga mita 50, hati inasema 60. Ada ikiwa yuro 12 kwa mita, ni 720 kwa mwaka. Tia VAT yao ya asilimia 20, inakuwa 864. Uende usiende, bwawa lina maji au lina majani makavu, unalipa. Kwa miaka 10 ni yuro 8,640, na hapo nimejifanya haipandi. Hii si Michenzani, taa ya ngazi ikiungua mkachangishana na jirani yakaisha.

Sasa shubiri yenyewe. Wana sheria ya mwaka 2009 ya majengo yenye wenyewe wengi. Kwa majengo ya ndani ya ukuta kama hayo, usimamizi huenda kwa mkataba baina ya mjenzi na wanunuzi, sahihi zimethibitishwa kwa mthibitishaji wa hati (notari). Ukishaandikishwa kwenye daftari la mali, unamfunga na kila atakayenunua baadaye. Hukuutia sahihi? Umekufunga vile vile. Na atatokea mjuzi akwambie "ada ni hiari, wengi hawalipi". Muongo mkubwa, wallahi, na maneno yake yananigharimu mpaka leo! Wasiolipa hushitakiwa. Tena yapo majengo ambayo meneja ndiye anayekuuzia umeme kwa mita yake ndogo, kwa bei yake. Gombana naye uone utakavyokaa kiza na nje maji yameganda.

Kwa hivyo kabla ya senti moja kutoka, mkataba huo uwe mkononi, umetafsiriwa, na wakili uliyemtafuta mwenyewe kausoma. Wakili aliyeletwa na dalali ni dalali wa pili. Atazame nani anaweza kupandisha ada na kwa kiasi gani, nani anaweza kuuvunja na lini, faini ya kuchelewa ni ngapi, na bwawa lisipofunguliwa unapunguziwa au hupunguziwi. Kisha muuzaji alete karatasi yenye muhuri wa meneja kwamba hadaiwi, ya tarehe ya karibu na siku ya hati, si ya mwaka jana. Mita ya umeme iwe ya shirika la umeme, akaunti ihamie jina lako. Na jengo liwe na Akti 16, ndiyo ruhusa ya kutumika. Akti 14 maana yake ni kiunzi tu kimesimama.

Viza haikupi. Bulgaria imeingia Schengen kamili, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu Januari 2025, kwa hivyo paspoti yetu unaomba viza kama kawaida, na unakaa si zaidi ya siku 90 katika kila 180. Fleti unaweza kumiliki, ardhi hapana. Gondola inaanzia mjini, na wikendi ya msimu foleni yake inatosha kusomea khitma. Ukiondoka wakati wa baridi funga koki kuu na umwage maji ya boila, la sivyo mabomba yatapasuka na wa chini atakudai dari.

Kupangisha sijakujibu, najua. Upate mkataba kwanza. Dalali akisema utauona siku hiyo hiyo ya mthibitishaji, mkatie simu.